Mtoto wa Kisiwani na Herufi Isiyosomwa

Likizo ya Juni nilivuka kwenda Mafia kumjulia hali dada yangu. Jioni ya pili, tukiwa barazani Kilindoni, mpwa wangu alikuja na kitabu chake cha Jiografia, akakaa karibu yangu bila kusema neno. Ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Katika shule ya msingi alisoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Sasa karibu vitabu vyote vimegeuka Kiingereza kwa siku moja. Mwishowe akasema, "Mjomba, nimechekwa darasani."

Nikamuuliza amechekwa kwa lipi. Akafungua kitabu, akaweka kidole juu ya neno "island". Siku aliyoitwa kusoma kwa sauti, alilisoma kama lilivyoandikwa, akaitamka na ile s. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono tena.

Jambo hilo liliniuma. Huyu ni mtoto aliyezaliwa kisiwani, anayeutazama mwezi akajua maji yatajaa saa ngapi, na neno lililomtia aibu ni neno lenye maana ya kisiwa. Nikamwambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: kosa si lako. Ile s iliingizwa na wasomi wa Uingereza walioamini jambo lisilo kweli, na tangu walipoiingiza haijawa na sauti.

Alinitazama kama mtu asiyesadiki. Usiku ule tulikaa mpaka taa ikaanza kufifia, tukipitia neno baada ya neno. Makala haya yametokana na mazungumzo yale. Nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mtoto aliyewahi kufunga mdomo darasani kwa sababu ya herufi isiyosomwa.

Wasomi walipokosea

Waingereza wa kale waliita kisiwa "iegland". Baadaye neno hilo likaandikwa "iland", bila s. Kando yake lilikuwapo neno jingine lenye maana hiyohiyo, "isle", lililotoka katika Kifaransa na ambalo asili yake ni neno la Kilatini "insula". Katika karne ya 15 na ya 16 waandishi waliliona "iland" wakadhani ni mtoto wa "isle", basi wakalitia s ili lifanane na mama. Kumbe hakuwa mama yake. Maneno hayo mawili yalikutana tu njiani. Damu yao si moja.

Zama zile Kilatini kilikuwa lugha ya heshima. Msomi alitaka neno lionyeshe kwamba lina ukoo wa Roma, hata kama ulimi wa watu ulikwisha usahau ukoo huo. Neno la deni Waingereza walilipata kwa Wafaransa, wakaliandika "dette". Lilikuwa neno jepesi, linasomeka. Wasomi wakakumbuka kwamba Warumi waliita deni "debitum", wakaona b imepotea safarini, wakairudisha: "debt". Midomo ya watu haikuifuata. Watu sokoni waliendelea kusema "det" kama walivyosema siku zote, na ile b ikabaki imesimama katikati ya neno kama mgeni aliyepewa kiti lakini hasemeshwi na mtu. Neno "doubt", lenye maana ya shaka, lilipata b yake kwa njia hiyohiyo.

Kisha kuna "receipt", iliyotiwa p kwa sababu ya Kilatini, na "deceit", yaani udanganyifu, ambayo imetoka katika ukoo uleule wa Kilatini lakini ikaachwa bila p. Mtoto anayetafuta kanuni hapo anaitafuta mahali ambapo haikuwekwa. Wenye maduka wa kwetu walilisikia neno "receipt" kwa sikio, wakaliandika walivyolisikia: risiti. Hakuna p, wala hakuna mtu aliyewahi kupotewa na fedha kwa kukosekana kwake.

Anasoma kama babu zao

Si kila herufi isiyosomwa ilitiwa kwa makosa. Nyingine zilikuwa hai, zikafa. Chukua "knight", askari wa farasi wa zamani. Neno lina herufi sita, na tatu kati yake hazisikiki: linasomwa "nait". Lakini zamani zote zilisikika. Ile k ilitamkwa, na gh ilikuwa sauti ya kooni, jirani kabisa na kh inayosikika pale mtu wa Pwani anapolitamka jina la Khamis kwa lafudhi ya Kiarabu. Wajerumani wana ndugu wa neno hilo, "Knecht", na mpaka leo k yake wanaitamka.

Irabu nazo zilihama. Kuanzia yapata mwaka 1400 hadi 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilisogea kutoka mahali pake mdomoni. Kabla ya hapo, a ya neno "name" ilitamkwa kama a yetu iliyovutwa kidogo, na mwishoni mwa neno irabu hafifu ilisikika. I ya neno "time" ilikuwa i kama ya Kiswahili. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alitamka hivyo, na majirani zake wa London walitamka hivyo.

Katikati ya msafara huo, mwaka 1476, William Caxton alifungua kiwanda cha kuchapa vitabu Westminster. Mashine ya kuchapa huhitaji tahajia iliyotulia, na katika miaka iliyofuata wapiga chapa wakaanza kuyafunga maneno mahali pamoja. Walilifunga umbo la neno wakati sauti yake bado inatembea. Maandishi yakasimama kituoni. Matamshi yakaendelea na safari. Leo Mwingereza anaandika kwa desturi ya karne ya 15 na kutamka kwa desturi ya karne hii, na umbali wa kati ya hizo mbili ndio mtoto wa kidato cha kwanza anaotakiwa kuuvuka peke yake.

Basi mtoto wa Kiswahili anapolisoma "name" kama "na-me" na "time" kama "ti-me", anasoma karibu na alivyosoma mtu wa London miaka 600 iliyopita. Ameheshimu herufi kama zilivyokusudiwa zilipoandikwa. Amekuja na kanuni safi kutoka nyumbani, kanuni ya lugha ambayo a ni a tu, i ni i tu, asubuhi na jioni. Wenye lugha waliiacha kanuni hiyo bila kubadili maandishi, na lawama ikamwangukia yeye.

Ipo mifano inayochosha zaidi. Herufi nne za mwisho katika "though", "through", "tough", "cough" na "bough" ni zilezile, na kila neno lina sauti yake. Cheo cha jeshi "colonel" kina l mbili lakini husomwa kana kwamba ya kwanza ni r. Sababu ni kwamba neno liliingia kwa njia mbili: Waitaliano walisema "colonnello", Wafaransa wakasema "coronel", na Waingereza wakabaki na maandishi ya upande mmoja na matamshi ya upande mwingine. Sisi tulisema kanali, tukaandika kanali, tukamaliza.

Zizini Kiingereza, mezani Kifaransa

Kwa nini Kiingereza kimejaa maneno mengi ya asili tofauti? Jibu kubwa ni mwaka 1066, pale William, mtawala wa Normandy, alipovuka bahari na kuiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa mahakama, ikulu na watu wenye mali walitumia Kifaransa; mkulima alibaki na Kiingereza chake. Mpaka mwaka 1362 ndipo ilipotungwa sheria ya kutaka kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakuelewa walichokuwa wakihukumiwa.

Alama ya enzi ile bado iko mezani. Ng'ombe akiwa zizini huitwa "cow", neno la mchungaji. Akifika sahanini huitwa "beef", neno la bwana aliyemla. Kondoo ni "sheep" malishoni na "mutton" kwenye chakula. Nguruwe ni "pig" bandani na "pork" jikoni. Mpwa wangu alikuwa amekariri jozi hizi kama orodha ya adhabu. Alipozisikia kama habari ya watu waliofuga na watu waliokula, hakuhitaji kuzikariri tena. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe, akiwa hai au akiwa mchuzi.

Juu ya tabaka hizo mbili, ya Kiingereza cha kale na ya Kifaransa, wataalamu waliongeza ya tatu: Kilatini na Kigiriki, kwa ajili ya tiba, sheria na sayansi. Ndiyo maana tumbo linapounguruma kwa njaa, daktari wa Kiingereza ana neno lake, "borborygmus", lililotoka Ugiriki. Ukilisema kwa sauti unasikia tumbo lenyewe.

Refu si gumu

Watu wengi wakitajiwa maneno magumu ya Kiingereza hukimbilia maneno marefu. Lipo neno la herufi 45, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", ambalo limo hata katika kamusi ya Oxford. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, kiongozi wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa kusudi la kupata neno refu kuliko yote. Maana yake ni ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la volkeno. Mchimbaji wa mawe aliyeharibika mapafu hapewi neno hilo hospitalini. Huambiwa ana silikosisi, au kwa maneno ya nyumbani, vumbi limemwingia kifuani.

Kwa Mswahili neno refu lisiwe tishio. Sisi tunasema "hatutawasomeshea" kwa pumzi moja, na ndani yake mna sisi, mna wao, mna kukataa, mna wakati ujao, mna kusoma, kusomesha, na kufanya kwa niaba ya mtu. Mtoto wa miaka mitano anaifungua kamba hiyo bila kufundishwa. Neno "antidisestablishmentarianism", lenye herufi 28, hufunguka vivyo hivyo: ni msimamo wa wale waliopinga kuondolewa kwa Kanisa la Anglikana katika nafasi yake ya kanisa la dola, mjadala mkubwa wa karne ya 19. Likate vipande, kila kipande kina kazi yake, na kila kipande husomwa kama kilivyoandikwa.

Ugumu wenyewe umejificha katika maneno mafupi. Toleo la pili la kamusi ya Oxford, la mwaka 1989, liliipa "set", kitenzi cha herufi tatu, maana zaidi ya 400. Jua likizama, "set". Ukiandaa meza, "set". Saruji ikikauka, mfupa ukirudishwa mahali pake, saa ya kengele ikitegwa: "set". Hakuna kipande cha kukata. Neno kama hilo hujulikana kwa kuishi nalo tu, kama mtu anavyomjua jirani, na mwalimu anayempa mtoto orodha ya maneno marefu ili kumpima akili amempima kitu kingine.

Swali la mshindi

Marekani wana mashindano ya kitaifa ya kutaja herufi za maneno, yaliyoanza mwaka 1925. Mshindi wa kwanza, Frank Neuhauser, mvulana wa miaka 11, alishinda kwa "gladiolus", jina la ua. Mwaka 1998 Jody-Anne Maxwell, msichana wa miaka 12 kutoka Jamaika, akawa mtoto wa kwanza mweusi kushinda. Mwaka 2021 Zaila Avant-garde, wa miaka 14 kutoka Louisiana, alishinda kwa "Murraya", jina la jamii ya miti ya nchi za joto, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kulitwaa kombe hilo.

Kwa lugha yetu mashindano hayo yasingekuwa na maana. Kila aliyesikia neno vizuri angeliandika. Lakini kuna jambo ndani yake ambalo walimu wetu wangefaidika nalo. Mtoto akitajiwa neno asilolijua pale jukwaani, anaruhusiwa kuuliza maswali kabla ya kujibu. Anaweza kuuliza maana yake. Na anaweza kuuliza limetoka lugha gani.

Swali hilo la pili ndilo ufunguo. Akiambiwa neno ni la Kigiriki, anajua sauti ya f huenda ikaandikwa ph, na ya k ikaandikwa ch. Akiambiwa ni la Kifaransa, anatarajia herufi za mwisho zisizosikika. Watoto bora kuliko wote katika tahajia ya Kiingereza hawashindi kwa kumbukumbu peke yake. Wanauliza neno limetoka wapi, na hakuna anayewacheka.

Hata mtu aliyeijenga kamusi kubwa ya Oxford hakuzaliwa katika nyumba ya maneno makubwa. James Murray alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa kijiji cha Scotland, aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Aliikalia kazi ile kuanzia mwaka 1879, katika banda la mabati alilolijenga uani kwake, akipokea vipande vya karatasi kutoka kwa maelfu ya wasomaji waliojitolea. Alifariki mwaka 1915 kamusi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000. Kila neno lilipewa kabila lake na tarehe za safari yake. Murray alilitendea kila neno kama mtu mwenye kwao.

Ndugu zetu walio ugenini

Tulipofika hapo, mpwa wangu aliuliza kama ndani ya lugha ile tuna mtu wetu. Tunao, na si wachache.

Neno "monsoon", linalowasumbua wanafunzi wa Jiografia, ni ndugu wa damu wa msimu. Yote mawili yametokana na neno la Kiarabu "mawsim". Moja lilipitia kwa Wareno likafika London, jingine lilishuka na majahazi likabaki Pwani. Mtoto anayejua kaskazi na kusi anaijua maana ya "monsoon" kuliko kitabu kinavyoieleza. "Coffee" na kahawa ni wa mama mmoja, kadhalika "sugar" na sukari. "Safari" walilipata kwetu. Waingereza walilichukua huku Afrika Mashariki katika karne ya 19, wakilikuta midomoni mwa watu wa misafara.

Hata "serendipity", neno ambalo Waingereza hulipenda sana, lenye maana ya kukuta jema usilolitafuta, limeficha kisiwa ndani yake. Horace Walpole alilitunga mwaka 1754 kutokana na hadithi ya wana wa mfalme wa Serendip. Serendip ni Sarandib, jina ambalo mabaharia Waarabu waliipa Sri Lanka, kisiwa cha bahari hiihii inayopiga fukwe za Mafia.

Na lipo moja linaloandikwa na madaktari duniani kote: "chikungunya". Kati ya mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu ilizuka katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakashindwa kunyooka. Wenyeji wakaiita kwa Kimakonde kwa kile walichokiona, mtu kukunjwa na maumivu, na watafiti wakalipeleka jina hilo katika majarida ya tiba. Ugonjwa ulipofika visiwa vya Karibi mwishoni mwa mwaka 2013, madaktari na watangazaji wa habari wa huko walilazimika kujifunza kulitamka. Hawakuambiwa kwamba hawana akili. Walipewa matamshi, wakayarudia, wakazoea.

Nasi tumeyapokea maneno yao kwa namna yetu. Madereva wa kwetu waliona kibao kwenye mzunguko wa barabara kikiwaambia wapite kushoto, "keep left", wakauita mzunguko wenyewe kipilefti. Na kwa kuwa kinaanza na ki-, viwili vikawa vipilefti, kama kitabu na vitabu. "Mudguard" ya gari ikawa madigadi, na kwa kuwa inaanza na ma-, moja ikawa digadi. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Watu wa gereji na wa barabarani walilichukua neno gumu, wakalikalisha katika ngeli, likatulia. Huo ni ujuzi wa lugha wa kiwango cha juu, na wenye nao ni wazazi wa watoto wanaochekwa darasani.

Safu ya tatu

Sisemi watoto waache Kiingereza, wala sisemi tahajia yake ipuuzwe. Mtihani utawauliza, na kazi zitawauliza. Nasema wafundishwe ukweli pamoja na neno. Kumwambia mtoto kwamba "debt" husomwa "det" huchukua muda mfupi. Kumwambia kwamba b iliongezwa na watu waliotaka kufanana na Warumi huongeza dakika moja tu, na dakika hiyo huondoa fedheha, kwa sababu mtoto anaona kwamba ugumu uko katika historia ya neno, hauko kichwani mwake. Walimu wengi wanajitahidi katika madarasa yaliyojaa, nawaheshimu kwa hilo. Ninachowaomba ni kimoja: kicheko kikianza, kisimamisheni. Mtoto anayetamka kila herufi amefanya kazi aliyofundishwa shule ya msingi, tena ameifanya kwa uaminifu.

Na wazazi tusiseme "mtoto huyu Kiingereza kimemshinda" mbele yake. Kuna Waingereza wengi ambao Kiingereza kilichoandikwa kinawatesa mpaka uzeeni.

Asubuhi niliyoondoka, mpwa wangu alinisindikiza gatini. Alikuwa na daftari jipya, amelipiga mistari likawa na safu tatu: neno linavyoandikwa, linavyosomwa, na kwa nini. Safu ya tatu bado ilikuwa na nafasi nyingi tupu, na alinikabidhi kazi ya kumtafutia majibu ya baadhi yake. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa umejaa. Mbele ya "island", chini ya kwa nini, ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: wakubwa walikosea.